Kuivisha tangi jipya la samaki: kazi ya wiki nne hadi sita kabla ya samaki wa kwanza

Maji ya tangi jipya huwa maangavu kama ya chupa, na hapo ndipo wengi hupotea. Siku ya kwanza samaki wanazunguka wamechangamka. Siku ya tatu wamepanda juu, midomo inagusa uso wa maji, matamvua yanapepea mbiombio. Siku ya tano au ya sita anaelea wa kwanza. Lawama anatupiwa muuzaji, au chakula, au hali ya hewa, lakini mara nyingi samaki hao wameuawa na taka zao wenyewe, ndani ya maji ambayo kwa macho hayana kasoro.

Samaki hutoa amonia usiku na mchana. Nyingi hutokea kwenye matamvua, nyingine hutokana na kinyesi na mabaki ya chakula yanayooza. Ziwani hupotelea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya lita 120 za sebuleni haina pa kwenda, isipokuwa kuwe na wa kuila.

Wapo wa kuila. Ni bakteria wanaoishi juu ya sponji, mawe, mchanga na kioo, na kazi yao huenda kwa hatua mbili. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. La pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Majina hayo mawili yanafanana masikioni, ila mwilini mwa samaki yanatofautiana kabisa. Nitriti huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, hata damu ikabadilika rangi kuwa ya kahawia. Samaki anakosa pumzi katika maji yaliyojaa hewa. Nitrati haina ukali huo. Inaweza kufika miligramu 20 au 40 kwa lita na samaki wengi wakaendelea vizuri, na unaipunguza kwa kubadilisha maji.

Mwanasayansi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wa aina hii kwa mara ya kwanza karibu na mwaka 1890. Kwa miaka mingi wafugaji walifundishwa kwamba hatua ya pili hufanywa na bakteria waitwao Nitrobacter. Mwaka 1998 mtafiti Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika akwaria za maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamii ya Nitrospira, na mwaka 2015 ikagundulika kwamba baadhi ya Nitrospira wanaweza kufanya hatua zote mbili peke yao. Kwa mfugaji, la kushika ni kwamba viumbe hawa huzaliana polepole mno. Bakteria wa chakula kilichooza huweza kuongezeka maradufu kwa nusu saa au chini yake. Hawa huchukua saa nyingi, hata siku nzima. Ndiyo maana tangi haliivi, yaani halipati bakteria wa kutosha, kwa wikiendi moja, hata ukinunua vifaa vya bei gani.

Mfano wa makala haya ni tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 40, linaloandaliwa kwa samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika. Zidisha vipimo hivyo, gawanya kwa 1,000, unapata lita 144. Ukitoa nafasi ya mchanga, mawe na ukingo wa juu, maji yenyewe ni kama lita 120. Andika namba hii mahali, kwa sababu dozi zote zitaitegemea hiyo, si ile 144.

Meza, kioo na mchanga

Tangi hili likijaa lina uzito wa karibu kilo 200. Stendi ya televisheni haifai. Weka pimamaji juu ya stendi kwa urefu na kwa upana kabla ya kupandisha tangi, na kama tangi halina fremu chini yake, tandika ubao wa povu jeupe gumu au mkeka wa sponji ngumu. Punje moja ya mchanga iliyobanwa kati ya kioo na chuma inatosha kuanzisha ufa.

Kama tangi limetengenezwa na fundi wa mtaani, uliza alitumia silikoni gani. Inayofaa ni ile yenye harufu ya siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Acha gundi ikauke wiki nzima, kisha jaza maji tangi likiwa nje au bafuni, ulitazame kwa siku mbili. Pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kona. Itakuonyesha unyevu ambao jicho halijauona.

Mchanga wa mto unafaa kuliko wa pwani, kwani wa pwani una chumvi inayohitaji kuoshwa mara nyingi sana. Kwa kina cha sentimita 4 unahitaji kama lita 14 za mchanga, yaani kilo 22 au 23. Usiuoshe wote kwa pamoja. Tia robo ya ndoo, fungulia maji kwa nguvu, koroga kwa mkono, mwaga maji machafu, rudia mpaka uone mkono wako chini ya ndoo. Kazi hii inachosha, lakini anayeikatiza atatazama maji ya matope kwa wiki moja.

Mawe huingia kabla ya mchanga, yakilala juu ya kioo cha chini au juu ya kipande chembamba cha plastiki. Samaki wengi wa Tanganyika, sawa na mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, ni wachimbaji. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga litachimbwa chini yake na kuanguka, aidha juu ya samaki aidha kwenye kioo. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki. Likitoa viputo, litapandisha pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Kwa samaki wa mito ya Amazon hilo ni tatizo; kwa wa Tanganyika ni msaada. Kama umeamua kufuga wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, waandalie makombe matupu mengi kuliko idadi yao, yaliyochemshwa na kusuguliwa. Tonge la nyama ya konokono lililosahaulika ndani ya kombe linaweza kuoza na kuharibu maji ya tangi zima.

Unapojaza maji, weka sahani juu ya mchanga na umimine juu ya sahani.

Maji yanatoka wapi?

Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo kuua bakteria, hao hao unaowahitaji. Ikiwa ni klorini ya kawaida, itatoka yenyewe maji yakikaa kwenye ndoo pana kwa saa 24 hadi 48, na upesi zaidi ukitia jiwe la hewa. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki kwa njia hiyo; inahitaji dawa. Dawa nyingi za kuondoa klorini zimejengwa juu ya sodiamu thayosalfeti, chumvi inayopatikana pia kwenye maduka ya kemikali za maabara. Kanuni ya kawaida ni miligramu 7 za chumvi hiyo kwa kila miligramu 1 ya klorini, hivyo gramu 0.7 inatosha lita 100 zenye klorini ya miligramu 1 kwa lita. Ikiwa ni kloramini, thayosalfeti huvunja upande wa klorini na kuiacha amonia ndani ya maji. Wakati wa kuivisha tangi amonia hiyo haina ubaya, lakini samaki wakishaingia ni hatari.

Maji ya kisima hayana klorini, ila yana mambo yake. Mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo na hewa ya ukaa nyingi, kwa hiyo yapigie hewa siku nzima kabla ya kuyapima, la sivyo pH utakayosoma si ya kweli. Pwani, visima vingi vina chumvi. Yaonje: kama ulimi unasikia chumvi, usiyatumie kwa samaki wa maji baridi.

Vipimo viwili vya kuchukua mwanzoni ni pH na KH. KH ni kiasi cha kaboneti kwenye maji, na ndicho kinachoshikilia pH isianguke. Maji ya Nairobi, ambayo mengi hutoka mabwawa ya milimani kama Ndakaini, ni laini, KH yake ni ndogo. Maji ya visima vya sehemu nyingi ni magumu. Ziwa Tanganyika lina pH ya 8.6 hadi 9.2 hivi, na KH inayokaribia digrii 16 hadi 18. Baikaboneti ya soda, ile ya kupikia keki, hupandisha KH bila shida: gramu 6 ndani ya lita 100 huongeza takriban digrii 2. Iyeyushe kwanza kwenye jagi. Matumbawe yaliyosagwa ndani ya mfuko wa wavu kwenye chujio husaidia kuishikilia. Chokaa ya kupaka ukutani usiiguse kabisa. Hiyo hurusha pH hadi kiwango kinachounguza.

Kwa nini pH inasumbua hivi? Amonia majini huwa katika sura mbili: moja yenye chaji, ambayo si kali, na nyingine huru, ambayo ndiyo sumu. Mizani kati ya hizo mbili hupangwa na pH na joto. Katika nyuzi 27, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia iliyo huru. Kwenye pH 8 inafika asilimia 6. Kwenye pH 8.8, maji ya Tanganyika, ni karibu asilimia 29. Yaani namba ile ile ya kipimo chako ambayo samaki wa maji laini angeivumilia siku kadhaa, inaweza kumuua samaki wa Tanganyika usiku mmoja. Ndiyo maana anayefuga samaki wa maziwa yetu makuu hana ruhusa ya kuruka hatua ya kuivisha.

Kulisha tangi lisilo na samaki

Washa chujio na uliache likiwaka. Kwa lita 120 tafuta pampu inayozungusha lita 600 hadi 700 kwa saa, yenye sponji au vigae vya kauri ndani. Sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inafaa pia, na ina faida yake wakati wa mgao wa umeme, kama tutakavyoona. Joto likae nyuzi 27 hadi 29. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa hutahitaji hita. Nairobi, Arusha na Mbeya mwezi wa Julai utaihitaji, kwa hesabu ya wati 1 kwa lita. Waya wa kila kifaa upite chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Taa izimwe kama hakuna mimea, usije ukafuga mwani.

Sasa ongeza amonia hadi kufikia miligramu 2 kwa lita. Kwa lita 120 hizo ni miligramu 240 za amonia, na unaweza kuzipata kwa njia mbalimbali. Amonia kloridi ya maabara: gramu 0.75. Amonia ya maji ya asilimia 10: mililita 2.4, mradi isiwe na manukato wala sabuni. Tikisa chupa, povu likikaa, irudishe dukani. Wengine hutumia mbolea ya SA, ambayo ni amonia salfeti: gramu 0.9 hivi. Urea si sawa na hiyo, kwa sababu lazima ivunjwe kwanza na bakteria wengine, kwa hiyo huwezi kujua leo umetia kiasi gani. CAN na NPK ziache shambani. Zinaleta nitrati na fosfeti usizozitaka.

Mizani ya jikoni haipimi gramu 0.9. Fanya hivi: pima gramu 9 za SA, ziyeyushe ndani ya maji, kisha ongeza maji mpaka yafike mililita 100. Kila mililita 10 za mchanganyiko huo zina gramu 0.9. Vuta kwa bomba la sindano la famasi, lisilo na sindano. Andika juu ya chupa kilichomo, na iweke mbali na watoto.

Kuna wanaotumia kipande kibichi cha kamba wa baharini au chembe chache za chakula cha samaki kila siku. Njia hiyo hufanya kazi, ila hujui kiasi, nyumba inanuka, na mara nyingi maji huota utando mweupe.

Utahitaji vipimo vya matone kwa amonia, nitriti, nitrati na pH. Karatasi za kuchovya ni nafuu, lakini nyingi hazipimi amonia, na hiyo ndiyo unayoitafuta. Kipimo cha nitrati kina chupa moja ambayo vumbi lake hutuama chini. Usipoitikisa kwa nguvu kwa nusu dakika, utasoma sifuri ya uongo.

Siku za mwanzo hakuna kinachobadilika, na hapo ndipo subira humwisha mtu. Karibu na siku ya pili hadi ya saba maji yanaweza kuwa meupe kama maziwa yaliyochujwa. Ni bakteria wengine, wanaokula mabaki, wameongezeka ghafla. Waache, watapungua wenyewe. Kubadilisha maji huwaongezea muda tu. Weupe wa vumbi la mchanga ni tofauti: huo huonekana saa ile ile unapojaza maji, na hutuama.

Wiki ya kwanza au ya pili amonia inaanza kushuka na nitriti inajitokeza. Amonia ikifika chini ya 0.5, rudisha hadi 2. Hesabu ya kukumbuka: kila miligramu 1 ya amonia huzaa miligramu 2.7 za nitriti, na mwisho 3.6 za nitrati. Kwa hiyo dozi moja ya 2 inakupa nitriti 5.4, na kadi nyingi za rangi zinaishia 5. Rangi ikishapita mwisho wa kadi huwezi kujua kama ni 6 au 30. Nitriti ikipanda hivyo, punguza dozi ya amonia iwe miligramu 1 kila baada ya siku mbili au tatu, na ubadilishe nusu ya maji. Hutapoteza bakteria, kwani wamejishika kwenye sponji na mawe, hawaelei.

Wiki ya pili hadi ya nne mara nyingi ndiyo ndefu kuliko zote. Nitriti inakaa juu siku nyingi kana kwamba tangi limegoma, kisha inaanguka ndani ya siku mbili au tatu.

Tangi likigoma kweli

Kosa la kwanza ni kutia amonia nyingi. Mtu anaona haishuki, anaongeza. Inafika 5 au 8. Katika maji ya pH ya juu, amonia iliyo huru huwabana bakteria wa hatua ya pili, na nitriti haishuki kamwe. Badilisha maji mpaka amonia irudi chini ya 2, kisha subiri.

La pili halionekani haraka. Kazi ya bakteria hawa huzalisha asidi, na asidi hiyo hula KH. Kila dozi ya miligramu 2 ya amonia humaliza karibu theluthi mbili ya digrii moja. Dozi kumi zinakula digrii sita hadi saba. Kwenye maji laini hiyo ndiyo akiba yote: KH inafika sifuri, pH inaporomoka chini ya 6.5, kazi inazorota, na chini ya 6 inakaribia kusimama. Mtu anadhani bakteria wamekufa, anaanza upya. Pima KH kila wiki, ongeza baikaboneti kabla haijashuka chini ya digrii 4, na utaona kazi inaendelea ilipoishia.

La tatu ni umeme. Bakteria wa chujio wanahitaji oksijeni inayoletwa na maji yanayopita. Chujio lililofungwa, lile la kopo lililo nje ya tangi, likizimika kwa saa kadhaa huishiwa hewa, na uozo unaanza ndani. Umeme ukirudi linamwaga uchafu huo tangini. Kama umekatika kwa saa nyingi, lifungue, nusa, mwaga maji yaliyomo na suuza sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha. Au itoe sponji mapema uiache ielee tangini. Pampu ndogo ya hewa ya betri pamoja na chujio la sponji hukuondolea wasiwasi huu kabisa.

Ipo njia ya mkato halali, nayo ni mbegu. Sponji iliyotumika ndani ya tangi zima la mtu unayemfahamu, likiwa halina ugonjwa, ihamishe ikiwa na unyevu, ndani ya saa moja au mbili, uiweke kwenye chujio lako au uikamulie humo. Muda unaweza kushuka hadi wiki moja au mbili. Sponji ya dukani ambako samaki wa kila mahali hupita ni kujialika ugonjwa. Chupa za bakteria zinazouzwa husaidia wakati mwingine, hasa zile zisizokaa kwenye joto na ambazo muda wake haujapita, lakini usizichukulie kama kibali cha kuingiza samaki siku hiyo hiyo. Kibali ni kipimo.

Mtihani wenyewe ni huu. Tia amonia hadi miligramu 2 jioni. Jioni inayofuata pima. Amonia iwe sifuri, nitriti iwe sifuri. Rudia siku inayofuata. Likifaulu mara mbili mfululizo, tangi limeiva. Kama samaki hawajapatikana bado, endelea kulilisha miligramu 1 kila siku mbili, bakteria wasije wakafa njaa.

Siku moja kabla ya samaki, badilisha asilimia 80 ya maji, kwa sababu nitrati imejilimbikiza. Baada ya dozi kumi inaweza kuwa zaidi ya 70. Zima hita kabla ya kupunguza maji, kwani ikibaki hewani ikiwaka hupasuka. Maji mapya yawe yametolewa klorini, yenye joto lile lile, na baikaboneti yake imeshayeyushwa. Pima pH, KH, nitrati. Nitrati iwe chini ya 20.

Samaki wakifika, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 ili joto lilingane. Kisha mimina kikombe cha maji ya tangi ndani ya mfuko kila dakika tano, kwa nusu saa hadi dakika 45. Tofauti ya pH ikiwa kubwa, chukua muda zaidi. Ila kama samaki wamesafiri saa nyingi, pima kwanza maji ya mfuko: ndani yake amonia imejaa lakini pH imeshuka, kwa hiyo haijawaumiza sana. Ukiongeza maji ya Tanganyika polepole, unaigeuza amonia hiyo kuwa sumu samaki wakiwa bado ndani. Hao wahamishwe mapema, mara joto likilingana. Tumia wavu, maji ya mfuko yaende chooni. Zima taa. Usiwalishe siku hiyo, na kwa siku kumi za kwanza pima amonia na nitriti kila asubuhi, ukiona 0.25 kwenye mojawapo, badilisha theluthi ya maji siku hiyo hiyo na upunguze chakula nusu.